Jibu Ambalo Ephantus Njura Alilirudisha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti karibu na redio, mlioko Embu, Meru na kule chini Mbeere. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda hamkuwahi kumwona, ingawa pengine aliwahi kushika kioo cha maabara chenye namba yako. Ephantus Njura, mtaalamu wa maabara, alitutoka mwezi uliopita, Machi 1999, akiwa na miaka arobaini na saba. Moyo ulisimama akiwa shambani kwake, Jumamosi asubuhi.

Njura alizaliwa upande wa Runyenjes, Embu, akaoa Meru. Mkewe, Lydiah Ntinyari, anacheka kidogo akikumbuka. "Nilimwambia, wewe unanuka fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama. Akaniambia, utazoea. Na nikazoea."

Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika hospitali ya misheni huko Meru. Kipande cha nyama kikitolewa kwa mgonjwa, yeye ndiye aliyekikata kiwe chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akakibandika kwenye kioo, akakitia rangi ili kitazamwe kwa darubini.

Mwaka 1995 alipelekwa Nairobi akafundishwa kipimo kipya, cha kutafuta virusi ndani ya nyama yenye saratani. Walitumia kitu kinachoitwa probu. Probu, wasikilizaji, ni nakala ndogo sana ya sehemu ya virusi, iliyotengenezwa maabara. Ukiimwaga juu ya kipande cha nyama, inamtafuta mwenzake. Ikimpata, wanashikana kama meno ya zipu, na rangi nyeusi inatokea. Asipokuwepo, hakuna rangi.

Julai 1996, mama mmoja wa Siakago, Ciakuthii, alimleta binti yake. Purity Igoki, miaka sita, shavu limevimba kama limeficha chungwa. Kwao walikuwa wameng'oa jino. Uvimbe ukabaki. Wakang'oa la pili. Uvimbe ukazidi.

Ciakuthii alijua Kimbeere tu, na wodini hawakumwelewa vizuri. Wakamwita Njura atafsiri, maana Kiembu chake kinakaribiana na Kimbeere. Mtu wa maabara kwa kawaida hamjui mgonjwa, anajua namba. Huyu akamjua.

"Mtamkata mtoto wangu mdomo?" Ciakuthii akamuuliza.

"Mimi si daktari, mama. Mimi natafuta tu ni ugonjwa gani."

Swali lilikuwa hilo hilo. Kipande kilichotolewa kilikuwa kidogo, tena kimeminywa, na darubini peke yake haikutosha. Ilikuwa ama saratani ile ya taya za watoto inayokwenda na virusi, nayo huyeyuka kwa dawa, au nyingine inayofanana nayo, ambayo dawa yake ni kisu. Virusi vikionekana, dawa. Visipoonekana, nusu ya taya inatolewa.

Ijumaa Njura alitazama kioo cha Purity. Hakikuwa na rangi yoyote. Daktari wa upasuaji, Mugambi, alikuwa akingoja jibu. Njura akaandika: hakuna virusi. Akatia sahihi. Upasuaji ukapangwa Jumatatu.

Jumamosi alirudi kazini kusafisha vyombo. Ndipo akakumbuka kioo kimoja ambacho hakukitazama. Kila kipimo huwa na kioo cha shahidi, nyama ya mgonjwa anayejulikana kuwa na virusi. Shahidi lazima awe mweusi. Njura akainama kwenye darubini. Shahidi hakuwa na rangi.

Stima ilikuwa imepotea siku mbili wiki ile. Probu ilikuwa imeharibika ndani ya friji. Na yeye, kwa haraka, hakumuuliza shahidi.

Alimkuta Mugambi wodini. "Daktari, lile jibu la jana nalirudisha."

"Unalirudisha aje? Umeweka sahihi."

"Probu ilikuwa imekufa. Nimekosea."

"Njura, Jumatatu niko thieta na huyu mtoto. Damu imeshatafutwa."

"Najua. Lakini taya ikitoka, hairudi."

Mugambi alikasirika, kisha akasema, "Hadi Alhamisi. Siku moja zaidi sikupi."

Njura akamwendea mama. "Aliniambia, nimekosea," Ciakuthii anasimulia. "Mtu wa hospitali! Nikaogopa kwanza. Halafu nikamwamini zaidi ya wote."

Njura alikwenda Nairobi mwenyewe, akarudi na probu mpya ndani ya chupa ya barafu, ameipakata mapajani. Nyama iliyobaki ilitosha vipande viwili tu. Cha kwanza kikachanika. Jumatano akatazama shahidi kwanza. Mweusi. Akaweka kioo cha Purity. Mweusi, chembe kwa chembe.

Dawa ikaanza Alhamisi. Baada ya siku kumi uvimbe ulikuwa unanywea. Nywele zilipong'oka, Purity alilia kuliko alivyolilia meno. Leo yuko darasa la tatu, Siakago.

Njura alipewa barua ya onyo. Nafasi yake ya kwenda ng'ambo kusoma ikapewa mwingine. "Nilimuuliza, na safari?" anasema Lydiah. "Akasema, imepita. Akaomba chakula."

Haikuishia hapo. Kipimo kile kilichoharibika kilikuwa na vioo kumi na viwili. Alivirudia vyote. Mbali na cha Purity, kimoja kilibadilika: cha mtoto wa Timau, aliyekuwa amefariki kabla hata jibu la kwanza halijaandikwa. Wakubwa wake walimwambia aache, haitasaidia kitu. Njura akapanda Timau kwenye ile baridi, hadi nyumba ya kibarua wa shamba la ngano, Mwenda, baba wa mtoto.

"Aliniambia barua ya majibu tuliyotumiwa kwanza ilikuwa na makosa, na hayo makosa ni yake," Mwenda anatueleza. "Akanitajia ugonjwa. Watu walikuwa wamesema mengi juu ya mke wangu, eti ni laana ya kwao. Siku hiyo nikapata cha kuwajibu. Nikamwambia, umekuja mwenyewe, keti, tunywe chai."

Kwa Lydiah Ntinyari, kwa watoto wake, na kwa ukoo wote kule Runyenjes, tunasema poleni sana. Mungu awashike mkono.

Nawe unayenisikiliza, tafakari. Kila mmoja wetu ametoa neno fulani ambalo mwingine anaishi nalo, kazini, kanisani, nyumbani. Kama unajua halikuwa kweli, na mtu huyo bado yupo, usimtume mtu. Nenda wewe.