Chai ya Saa Nne na Fremu Chini ya Shuka

Baba Mdogo anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa sita, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuunganisha fremu za mbele za makabati katika karakana iliyo nyuma ya nyumba ya marehemu kaka yake. Wasifu wake nilikuwa nimeshauandika wiki tatu zilizopita, ukapigwa chapa, na Mama akausifu. Nimeuchana. Ulikuwa na sentensi isemayo kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kukaa nasi kwenye chai kwa sababu hapendi chai. Jambo hilo sote karakanani tungeweza kuliapia, na sote tulikuwa wajinga.

Niwaeleze wageni kwanza. Karakana yetu ni banda la mabati lililoungana na jiko la nyumba: meza mbili za kazi, mashine moja ya kukatia, na kamba ya nguo za familia inayopita juu ya mbao. Tuko wanne tu. Mama, mjane wa mwanzilishi, ndiye anayepokea oda na kutuchemshia chai. Fundi rangi tunamwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Mimi ni fundi milango, huu mwaka wa kumi na saba. Baba Mdogo ni mdogo wake marehemu; watoto wa nyumba walimwita hivyo, nasi tukadandia, na siku hizi hata wateja wenye mvi kumzidi humwita Baba Mdogo.

Fremu ya mbele ni ule uso wa mbao unaouona kabati likiwa bado halina milango: miimo miwili iliyosimama na vipande vya kulala vilivyochomekwa katikati. Milango inashikwa hapo kwa bawaba. Fremu ikikaa upande, hata kwa unene wa ukucha, mlango hautafunga vizuri mpaka nyumba ibomolewe. Kwa hesabu ya Redio, Baba Mdogo ameunganisha fremu elfu sita, lakini Redio hutia chumvi, kwa hiyo tuseme elfu nne. Hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa. Ni mtu asiye na makuu, anayezigombeza mbao kwa sauti ya chini kama watoto kanisani, na ambaye siku moja aliitafuta penseli yake asubuhi nzima ilhali alikuwa nazo mbili, moja kila sikio.

Karakana ilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Kila fremu ilipimwa kwa skwea ya marehemu, kile kifaa cha kupimia kona. Marehemu aliichonga mwenyewe kwa mti mgumu mweusi mwaka alioanza kazi, akawaonyesha wateja, akaitundika ukutani pale kila aingiaye angeiona. Alipofariki miaka kumi na mmoja iliyopita, Mama aliiacha kwenye msumari uleule, na kila Ijumaa aliifuta kwa mafuta. Milango mimi naipima kwa skwea yangu ya chuma ya dukani. Kuziweka hizo mbili pamoja halikuwa jambo la kumpitikia mtu.

Na kulikuwa na desturi ya chai. Saa nne kamili, fremu za asubuhi zikiwa ndiyo kwanza zimepakwa gundi na kubanwa kwa klempu, Baba Mdogo alizifunika kwa shuka kuukuu akatufukuza sote jikoni. Gundi haipendi upepo, alisema, na haiachwi peke yake. Tuliondoka mbio, tena kwa furaha. Mama alimimina vikombe vinne kwa mazoea, na kile cha nne, cha bluu, kikakaa mpaka kipoe. Nikawa nakinywa mimi. Ndiyo, kwa miaka kumi na saba nimekunywa chai ya mtu mwingine na sikuona haya, maana si alikuwa haipendi?

Alipoanza likizo yake ya mwisho alinikabidhi meza. Akanipa pia skwea ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye kitambaa, akasema, “Tumia hii mwanangu, ni nyepesi mkononi.” Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mimi, kwa kujipendekeza na kwa heshima ya marehemu, nikamrudishia palepale na kuishusha ile ya ukutani. Sitausahau uso wake. Nilidhani ameguswa na heshima yangu. Alifungua mdomo, akamtazama shemeji yake, akaufunga, akaenda zake.

Oda iliyokuwepo ilikuwa ya zahanati: makabati manane ya dawa, na zahanati inafunguliwa Jumatatu. Nikapima, nikakata, nikapaka gundi. Saa nne nikafunika fremu kwa shuka, nikavuta kigoda, nikailinda gundi. Nusu saa nzima nimekodolea macho shuka, nikijiona mrithi. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo.

Alhamisi nikaleta milango. Wa kwanza ulifunga juu, chini ukaacha mwanya wa kupitisha kidole. Wa pili hivyohivyo. Wa kumi na sita hivyohivyo, na jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye viwiko. Nililaumu bawaba, nikalaumu unyevu wa mbao, nikamlaumu Redio aliyekuwa ameshapaka rangi fremu mbili na ambaye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kusema. Mama alishika kichwa. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia wazi kwamba kabati la dawa lisilofunga hatalipokea, na oda ya vyumba vingine kumi na viwili ingekwenda kwa mtu mwingine. Bila oda ile karakana yetu isingefika mwisho wa mwaka.

Baba Mdogo aliitwa, akafika na ndala zake. Akatazama fremu moja tu, kisha akaniuliza nilifanya nini wakati wa chai. Nikamjibu kwa fahari kwamba nililinda gundi. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mbao, halafu nikaona si kicheko tena, anafuta macho.

Akainuka, akachukua ubao mpana, akaulaza mezani. Akaiweka skwea ya marehemu kwenye ukingo wake, akachora mstari. Akaigeuza upande wa pili, akachora mwingine kutoka nukta ileile. Skwea ya kweli ingechora mstari mmoja. Hii ilichora miwili, na huko mwishoni mistari ile ilikuwa imeachana kiasi cha kupitisha penseli. Nikapigwa na butwaa. Nyuma yetu sinia liligonga mlango: Mama alikuwa amekuja na chai.

“Shemeji, tangu lini?” aliuliza.

“Tangu wiki yangu ya pili,” akajibu. “Kaka alikuwa anaionyesha kila mtu, shemeji. Ningeanzia wapi?”

Basi hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya chini ya shuka. Kila siku ya kazi, kwa miaka ishirini na tisa, alisubiri tuondoke, akapima fremu kutoka kona hadi kona kwa ufito, maana fremu iliyo sawa mishazari yake miwili hulingana, akabana klempu moja ya mshazari mpaka fremu ikae sawa, akaifunika, na kuiondoa klempu hiyo gundi ikishakamata. Kaka yake alikufa akiamini skwea yake. Nami nilijipiga kifua mbele ya wateja, na mbele ya Baba Mdogo mwenyewe, kwamba milango yangu huingia mara moja bila kurandwa. Mwaka juzi nilimwambia usoni kwamba fremu zake zina bahati ya kupata milango kama yangu. Alisema asante. Nikikumbuka hiyo asante naona haya mpaka leo.

Mama aliweka sinia chini. Hatukujua kama atalia au atatufukuza. Aliichukua skwea, akaigeuzageuza, akaenda kwenye rafu akarudi na randa ndogo. “Inyooshe,” alisema. “Wewe ndiye mdogo wake. Mwingine simruhusu.” Baba Mdogo alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliibana skwea mezani. Alipitisha randa, akapima, akapitisha tena. Akachora mstari, akageuza, akachora, na mstari ulikuwa mmoja. Mama akaitundika mwenyewe kwenye msumari wake, kisha akauliza kama chai imepoa.

Haikuwa imepoa, lakini maji ya birika tuliyahitaji kwanza. Tulizibandua fremu zote nane kwa vitambaa vya maji ya moto, tukaziunganisha upya, Redio akapaka rangi huku ameanza tena kutangaza, na Jumatatu milango kumi na sita ya zahanati ilifunga kwa kidole kimoja. Daktari alinipongeza mimi. Nilimwonyesha mwenye ndala.

Jioni ile ya Alhamisi, tulipomaliza kazi ya siku, Mama alichemsha chai nyingine. Baba Mdogo alikaa kwenye benchi la jikoni ambalo hajawahi kulikalia saa nne hata siku moja, akatia sukari vijiko vitatu, akanywa. Akaomba cha pili. Akaomba cha tatu, akasema huwa anaipenda sana, na kwamba kwa miaka yote hiyo harufu yake ilimfikia kule bandani.

Baba Mdogo, kwa niaba ya Mama, Redio na kila kabati linalofunga bila kulalamika mjini humu, asante. Tunakuombea mgongo usiouma, usingizi wa mchana usio na mtu wa kuukatiza, na penseli moja tu. Oda ya vyumba kumi na viwili tumeipata. Fremu zake tunazipima kona kwa kona mchana kweupe, na shuka Mama amelifua, linaanikwa juu ya mbao pamoja na nguo nyingine. Kikombe cha bluu kimetundikwa, na mimi sikigusi. Chai ni saa nne. Njoo unywe yako.