Saini ya Mama Bibiane Haiko Pale

Miye Anaclet, piroguier, muendesha mutumbwi wa bureau yetu ya environnement hapa Bunia, niko na miaka septante-six (76). Nimepita vita, nimezika moteurs tatu na machefs saba. Chef wa munane asinifundishe vile ya kuandika mu programme hii ya kumuaga Mama Bibiane.

Mama Bibiane, mwenye kuhesabu samaki mu bureau yetu, alianza kazi mu 1991. Tarehe trente (30) ya mwezi huu anaingia mu retraite, anapumzika kisha kutumika miaka trente-quatre (34). Wamoja wanasema yee ndjo alinionyesha ziwa Albert. Hapana! Miye ndjo nilimuonyesha. Siku ya kwanza mu pirogue yangu alitapika juu ya mabottes ya chef, akapanguza kinywa, akaomba tuendelee. Lakini kwa kuhesabu, ananishinda, na siyo watu wengi wananishinda.

Miaka tatu sasa, projet ilikuja ya kuchimba njia mu maji, boti kubwa ifike mpaka port ya Kasenyi. Njia ile inakata matete hectares douze (12), pale tilapia anatagaka mayai. Wakubwa walisema haina shida: tutang'oa douze hapa, tutapanda douze kule ku mawe. Ku karatasi, hesabu ilienea.

Mama Bibiane alivua viatu. Tilapia anachimbaka kashimo ya muviringo chini ya maji, sawa sahani. Maji ni matope, jicho haione. Muguu ndjo inaona. Siku kumi tulitembea maji ku kiuno, yee anapapasa, anaita, miye naitikia. Ingénieur Delphin wa projet alitucheka toka ku ngambo:

"Mama, hii ni science ya kisigino!"

"Papa, leta yako basi, tuone kama inajua kuhesabu."

Mu matete ya zamani: mashimo deux cent onze, mia mbili na kumi na moja. Kule ku mawe, pale walipanda matete ya kujaribu: tatu. Tatu! Mawimbi inapiga pale muchana na usiku. Mutoto wa samaki atajificha wapi?

Wanasema Mama anachukia port. Uongo. Yee mwenyewe alisema mahindi ya Djugu inaoza kwa sababu boti haifike. Aliomba tu wapindishe njia, ipite ku mawe, mètres mia ine zaidi. Wakajibu ni mbali. Boti iko na miguu ya kuchoka?

Rapport ya bureau juu ya ile njia inasema hasara imelipwa matete kwa matete. Alikataa kutia saini. Basi retraite aliyoomba mara mbili wakamunyima, imetoka mu siku tatu! Tarehe moja ya mwezi ujao, mwingine atasaini. Na miye niliambiwa niandike mu programme hii kwamba aliunga projet mukono. Siandike! Mutu wa miaka trente-quatre, munamupa pagne ya kuvaa, jagi, na uongo juu yake?

Mama Bibiane, aksanti sana kwa kazi. Tarehe mbili watasoma rapport mbele ya wavuvi kule Kasenyi. Tutashuka pamoja, weye na miye. Utasimama pale kama raia, na hakuna chef wa kukuambia uketi. Mungu akupe miaka mingi, na magoti ya kuitembea.

Mwenye mashaka aulize Jemima muuza-samaki wa Kasenyi, na Floribert aliyeshika kamba ya kupimia. Aulize na Ingénieur Delphin. Siku ya ine ya kuhesabu alivua viatu yake, akaingia maji. Ile deux cent onze mu carnet ya hesabu, Delphin ndjo aliiandika, ni mukono wake. Miye siandikaka muzuri, kila mutu anajua.