Ng'ombe Arobaini na Moja wa Mzee Keraryo

Thelathini na moja. Ndiyo, najua kwenye kadi ya mwaliko imeandikwa ishirini na tisa, na yeye mwenyewe ukimuuliza anakwambia thelathini na tatu, maana anahesabu na ile miaka miwili alikuwa anakujaga kufua jezi kabla hajaajiriwa na mtu. Dada Dorah, katibu wetu, kafungua faili kakuta barua ya Aprili 1994. Tushike hiyo. Miaka thelathini na moja, na leo Jumamosi tarehe 28 Juni 2025 Mzee Thadeo Keraryo anastaafu Kamongo FC ya hapa Nyakato. Mkisikia idadi nyingine kwenye hotuba, pigeni makofi tu, tusonge mbele.

Ninayeandika ni Burito. Wengi mnanijua kwa sato wa kukaanga nyuma ya goli la kusini, na siku ya mechi ndo mimi nashikaga kipaza sauti. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa vibaya mpisheni ipite. Nimepewa kazi hii ya kuandika programu ya kumuaga kwa sababu nimekaa benchi moja na Mzee miaka tisa. Nilifikiri namjua. Nimeanza kuandika nikagundua sijui hata nusu, na hiyo nusu yenyewe imenichanganya.

Kwenye faili Mzee ni mtunza vifaa. Mipira, nyavu, jezi, dawa ya kuchua. Lakini kazi yake hasa ilikuwa kufuatilia timu zetu tatu ndogo: ya Kabasa, ya Nyamuswa na ya Butiama. Timu kubwa iko hapa mjini, hizo tatu ndo zizi letu, vijana wanakulia huko mpaka wakomae. Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuwa Kabasa, ya pili Nyamuswa, ya tatu Butiama, ya nne anarudi Nyakato kufua. Hakuna aliyemtuma. Nauli mara nyingine klabu ilikumbuka, mara nyingine ilisahau, yeye hakusahau kwenda.

Kabla ya mpira alikuwa dalali wa ng'ombe minadani, na hiyo tabia hakuiacha. Akifika uwanjani haangalii mpira. Mpira uko kaskazini, yeye anaangalia kusini, anamtazama kijana anavyotembea wakati hana kazi. Halafu anasubiri mapumziko aone anavyokunywa maji. Anayempokonya mwenzake kopo, Mzee anafunga daftari. Akimpenda kijana, jioni anapita kwao kusalimia na kuomba maji ya kunywa, kumbe anamwangalia mama: urefu, magoti, anavyoinuka kwenye kigoda. Anasema hununui ndama bila kumuona mama yake.

Akina mama wa huko walishamjua. Mzee akiomba maji kwako, mwanao kachaguliwa. Kuna mama mmoja wa Kabasa hakutaka kungoja, akamuita mwenyewe kutoka barabarani: "Baba, karibu upite unywe maji." Mzee akapita, akanywa, akashukuru, akasema: "Maji mazuri sana, mama. Mtoto bado."

Kwa njia hiyo ametuletea vijana kumi na saba mpaka timu kubwa. Kipa wetu Isaya mnayemshangilia alitoka Nyamuswa akiwa winga, tena winga mbovu. Mzee akamwambia kocha, huyu anaogopa kukanyagwa mguu lakini usoni haogopi kitu, mpeleke golini. Kocha alicheka wiki nzima. Mwaka wa saba huu Isaya yuko golini, na kocha yule sijui yuko wapi.

Sasa tufike kwenye daftari, maana ndo limetukalisha vikao.

Mzee hakuandikaga majina ya vijana. Majina ya vijana wa mpira hayaaminiki. Leo anaitwa Magesa, kesho kwenye usajili kaja na cheti cha mdogo wake, anaitwa Werema na umri umerudi nyuma miaka mitatu. Mzee akasema rangi ya ng'ombe haibadiliki. Kwa hiyo kila kijana kamuandika kama ng'ombe. "Dume jeusi, Nyamuswa, shingo nene, linapenda kugombana." Huyo ni beki. "Ndama wa madoa, Kabasa, bado ananyonya." Huyo ni mdogo, asiguswe. Ukilisoma hilo daftari unaweza kufikiri ni la bwana mifugo.

Na ndivyo ilivyotokea. Desemba 2016 Mzee alienda msibani, simu haishiki. Mwenyekiti wetu akafungua daftari stoo akakuta: "Dume jekundu, Kabasa, mguu wa kushoto. Lipo tayari. Lichukuliwe kabla ya Krismasi." Mwenyekiti akafurahi, akajua Mzee kashatafuta kitoweo cha sherehe ya kufunga mwaka. Akatutuma watu watatu, na mimi nikiwemo. Tulizunguka Kabasa kutwa nzima tunaangalia madume yanayotanguliza mguu wa kushoto. Tukampata mmoja, mwekundu kabisa, tukamleta na shangwe.

Siku hiyohiyo winga mwekundu wa ngozi, mguu wa kushoto, alikuwa amekaa kwao Kabasa na begi limefungwa, anangoja kuchukuliwa. Hatukufika. Mwaka mpya timu ya mkoa mwingine ikamchukua. Mzee aliporudi tukampa nyama yake. Akala taratibu, akafuta mikono, akasema: "Nyama laini. Krosi sasa atapiga nani?"

Tangu siku hiyo Mwenyekiti halipendi daftari. Na simlaumu sana. Anasema kitu kinachosomwa na mtu mmoja si mali ya klabu. Mzee akiondoka, anasema, zizi litabaki bila ng'ombe anayejulikana hata mmoja, bora tuzifunge timu ndogo tuchukue wachezaji waliokwisha kuiva kutoka kwingine. Kamati inakaa Jumapili tarehe 13 Julai. Mpaka siku hiyo inataka majina ya kweli, ya watu, na inataka kujua nani atakwenda huko Jumamosi badala ya Mzee. Vikikosekana, Kabasa, Nyamuswa na Butiama zinafungwa. Mzee tulimuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa. Watu walishataja godoro, wengine mbuzi. Kasema: "Zizi lisifungwe." Basi. Godoro hakulitaka.

Mimi na Dada Dorah tukalibeba daftari nyumbani kwa kina Dorah tulisome. Ng'ombe arobaini na moja bado wako zizini, ukiacha waliokwisha kuchukuliwa. Na hapa ndo naomba Mzee, ambaye yuko meza ya mbele anasomewa haya, anisamehe kabla sijamaliza.

Miaka miwili hii Mzee haoni mbali. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na ndo sababu ya kustaafu, sio uzee kama mnavyosema. Jumamosi nilikuwa namsindikiza kwenye timu ndogo na karai langu la biashara, akawa ananiuliza benchi: "Burito, yule aliyepiga ni nani? Kafanyaje?" Na mimi nilikuwa na karai la mafuta mbele yangu, samaki wanataka kugeuzwa, wateja wananiita. Nilikuwa namjibu chochote. Kampiga chenga huyu, kampiga na yule. Siku moja Butiama nilimwambia kijana kapiga chenga saba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeinama natafuta chumvi. Mzee akashika kalamu akaandika.

Fikirieni sasa. Timu tatu zinangoja hilo daftari liziokoe, na mimi najua kuna kurasa humo zimetoka kwenye karai langu. Nilikaa kwenye kiti cha Dorah nikatamani daftari lipotee. Nikifunua ukurasa naona "chenga saba," nikifunua mwingine naona kitu nilichotunga Nyamuswa. Sikujua tena ng'ombe yupi anapumua na yupi nilimzaa mimi.

Tena kulikuwa na michoro. Kila ukurasa, pembeni, Mzee kachora kitu kidogo. Mimi nilisema ni maharage. Dorah akasema ni nusu ya moyo. Mwenyekiti, tulipompelekea, akaligeuza daftari juu chini akasema hiyo ni ramani ya ziwa. Mingine ilikuwa mizima, mingine imemegwa kwa juu.

Tukaenda kumuuliza mke wa Mzee, Mama Scholastika, tukamkuta anachambua dagaa. Alitazama kidogo tu akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Nyie mmekulia wapi? Hilo sikio."

Akatueleza kama watoto. Ng'ombe wako unamkata alama ya sikio, akipotea unamdai kwa sikio. Asiyekatwa bado si wako, ni maneno tu, umesikia yupo. Mzee, kijana aliyemuona kwa macho yake, anamchorea sikio lililokatwa. Wa kusikia, sikio zima. "Na wa kusikia wengi miaka hii," Mama akasema, akiniangalia mimi, "wanatoka kwako, Burito. Ananiambiaga, Burito anaona vizuri sana akiwa ameinama."

Alijua. Miaka miwili ananiuliza na anajua, na hakuwahi kuniambia neno.

Tukarudi tukahesabu. Masikio mazima kumi na tisa, yaliyokatwa ishirini na mbili. Kijana wa chenga saba, sikio zima. Wote niliowatunga, masikio mazima. Mama alishatuambia, Mzee alikuwa ananisikiliza Jumamosi, halafu Jumatatu anarudi peke yake kwenye mazoezi, anasimama nyuma ya nyavu, karibu kabisa, hatua mbili, mpaka amuone kijana anavyokwenda. Nilikuwaga najiuliza kwa nini Jumanne anakuja kazini na alama ya mpira kwenye shati. Alikuwa anapigwa na mashuti.

Kwa hiyo ng'ombe wa kweli ni ishirini na mbili. Tisa tumeshawapata kwa majina ya kibinadamu, Dorah anayo orodha. Wamebaki kumi na watatu.

Na wa kumi na tatu ndo ukurasa wa mwisho. Nauandika kama ulivyo: "Ndama wa Butiama, kijivu, pembe bado. Nimemuona mara mbili. Huyu nimechelewa kumuona." Sikio limekatwa, na pembeni kachora la pili, nalo limekatwa. Katika miaka thelathini na moja hakuna mwingine mwenye masikio mawili.

Nilimuuliza ni nani. Akasema sura hakuiona vizuri, macho hayakufika huko, kaiona miguu. Nikamwambia twende basi unionyeshe hata hiyo miguu. Akakataa. "Nikikuonyesha utaona nilichoona mimi. Nenda ukaone wewe."

Jumamosi iliyopita nikaenda Butiama, karai nimeliacha nyumbani, mara ya kwanza tangu nianze biashara. Nikatafuta kijana wa kijivu. Ndugu zangu, vumbi la Juni mnalijua. Ilipofika dakika ya kumi wote ishirini na wawili walikuwa kijivu, na refa wa kijivu, na mimi kijivu. Nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Lakini nilisimama nyuma ya nyavu, hatua mbili, na nimepigwa mpira wa tumbo. Kuna miguu miwili mitatu nimeiona nikajisemea, hee. Sijui ni ya nani. Nitarudi.

Mzee Keraryo, asante kwa jezi ambazo hazikuwahi kunuka, kwa Isaya golini, kwa akina mama waliokaa na jagi la maji mlangoni wakikungoja. Asante kwa kunisikiliza uongo miaka miwili na kuutafutia ukweli kwa miguu yako. Daktari wa macho akupe uone tena mpaka goli la mbali, na Mama Scholastika akuoneshe Jumamosi za nyumbani zinavyokaa, maana huzijui. Uishi salama, ule vizuri, na mtu akikukaribisha maji, unywe tu, sasa hivi hakuna anayechunguzwa.

Na wewe unayesoma programu hii ukisubiri pilau, tukubaliane hivi. Kabla ya kamati kukaa zimebaki Jumamosi mbili, tarehe 5 na tarehe 12. Ng'ombe wamebaki kumi na watatu, na humu ukumbini tuko zaidi ya mia. Pita kwa Dada Dorah pale mlangoni, chagua ng'ombe wako mmoja, akuandikie rangi yake na uwanja wake. Nenda usimame nyuma ya nyavu, hatua mbili, umuone, halafu umuulize jina lake la kwa mama yake, sio la kwenye cheti. Ukiniletea, nakukaangia sato mzima, unamchagua mwenyewe kwenye beseni. Wa Butiama, yule wa masikio mawili, ni sato wawili. Ila ukija na sikio zima nitakutambua, ni kazi niliyoifanya mwenyewe. Wewe utapata harufu ya sato tu.