Bi Chembe na Kitone Chenye Mkia

Bi Chembe, mchambuzi wa picha za eksirei katika idara yetu, atastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne kazini. Mkuu wa idara, aliyetangaza hilo Jumatatu, aliongeza kwamba tangazo la kujaza nafasi yake limerudishwa mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuieleza kazi yake kwa ukurasa mmoja.

Tujaribu. Darubini za eksirei huzunguka nje ya dunia kwa sababu hewa yetu huzuia miali hiyo. Zinachonasa ni chembe za mwanga, moja moja, zilizosafiri miaka bilioni mbili kutufikia. Wengine huiachia kompyuta izihesabu. Yeye huzihesabu, kisha huikagua kompyuta. Ndipo alipopata jina.

Alichokipenda zaidi ni makundi ya galaksi yanayogongana. Galaksi zenyewe hupishana salama. Gesi iliyo kati yake ndiyo inayovaana, hadi joto lake likafika digrii milioni mia moja. "Huku tembo hupishana," aliwaambia wageni, "nyasi ndizo zinazopigana."

Kabla ya kupima gesi hiyo, programu hufuta vitone ving'aavyo, ambavyo kwa kawaida ni vitu vingine vilivyo mbele au nyuma yake. Vikishafutwa, hakuna anayevitazama tena. Bi Chembe alivifungua vyote kila Alhamisi, chai yake pembeni.

Miaka mitatu iliyopita, ripoti yetu kuhusu kundi tuliloliita tulivu, yaani lisilogongana na jingine, ilikuwa itumwe kesho yake. Akakuta kitone kimoja kilichofutwa kina mkia.

"Vaa miwani, Bi Chembe," alitania mhandisi wa meza ya pili.

"Nimevaa, baba. Njoo nikuazime."

Mhandisi alikuja, akatazama, akavuta kiti. Kama macho hayakutudanganya, kile kilikuwa kiini cha kundi la pili, lenye mamia ya galaksi, kikilipasua la kwanza kwa kasi ya kilomita elfu tatu kwa sekunde. Ripoti ikazuiwa.

Ila kitone hicho kilikuwa na chembe mia mbili na kumi na mbili tu, na kwa chembe hizo huwezi kula kiapo. Maombi ya kukitazama upya yalikataliwa mara mbili. Binti wa Bi Chembe, daktari wa meno, ambaye eksirei zake humpa jibu papo hapo, alimshauri asihangaike, mbingu haikimbii. Naye alimjibu, "Ni kweli haikimbii, ila mama yako anastaafu."

Ombi la tatu aliliandika mwenyewe. Limekubaliwa.

Bi Chembe, asante kwa kutufundisha kutazama tulichokitupa. Tunakuombea afya, macho yasiyochoka na asubuhi zisizo na haraka. Darubini itaelekezwa huko tarehe 14 Agosti kwa saa arobaini, na picha itatufikia tarehe 17, saa tatu asubuhi. Mkia usipoonekana, umeagiza upigiwe simu vilevile.