Mama Glavu na Kimeng'enya Kilichojua Kuchagua

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Glavu, na yeyote aliyewahi kuingia maabara yake na vidole vitupu anaijua sababu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la baba la kushona viatu, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, sekondari mwaka 1971, akahitimu biokemia chuo kikuu mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaajiriwa maabara ya chuo hicho hicho. Tarehe 14 Agosti 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu fundi majokofu, aliyekuja kutengeneza friza akaondoka na mtafiti, wakajaliwa mabinti wawili, 1985 na 1988.

Mwaka 1987 alianza kuchunguza kimeng'enya kimoja kinachokata RNA, yaani uzi unaobeba maagizo ndani ya seli, naye alishikilia kwamba hakikati ovyo, bali hutambua mkunjo fulani wa uzi huo na kukata hapo tu. Miaka sita majaribio yalimwumbua, kila uzi ulitoka vipande vipande, hata mkuu wa maabara akasema mkutanoni kwamba dada anafuga mchwa na kumwita seremala, watu wakacheka, naye akaja kulia jikoni kwangu.

Mei 1993 alimwona mkuu huyo akifungua mirija ya majaribio ya dada kwa mkono mtupu, na vidole vyetu sote vina vimeng'enya vinavyokata RNA karibu popote, kumbe aliyemcheka ndiye aliyekuwa akimharibia. Akaivalisha glavu maabara nzima, akarudia, na tarehe 22 Juni uzi wenye mkunjo ulikatika mahali pamoja tu, alipounyoosha kimeng'enya hakikuugusa, alipourudisha mkunjo uleule kwa herufi tofauti, yaani viungo vingine vya kemikali vinavyounda uzi, kikakata tena. Mkuu alisimama mkutanoni, akakiri kwamba mchwa alikuwa yeye.

Saratani ya kongosho iligundulika tarehe 6 Novemba 2023, akafariki tarehe 3 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mabinti wake wakimshika mikono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, aliowakagua vidole hadi siku ya mwisho, majirani, na wenzake wa kazini, wakiongozwa na mkuu wake mstaafu, aliyebeba jeneza asubuhi hii akiwa amevaa glavu.

Ulishinda, Dada. Pumzika kwa amani, sasa zako unaweza kuzivua.