Injinia wa Kibimba

Kijiwe cha Kibimba kilikuwa benchi moja la mkaratusi mbele ya jiko la Scolastica, muuza kahawa, juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo malori ya chakula cha wakimbizi yalipita kutwa yakiwamwagia wanywaji wa kahawa vumbi vikombeni. Mwaka ule wa tisini na tano misitu ilikuwa imekwisha kwa kuni, na watu walikuwa wamezoea kuona mabaya bila kusimama. Mwenye sauti pale alikuwa Wiston. Walimwita Injinia. Ukweli ni kwamba aliosha malori mwaka mmoja huko Kahama, na spana alizishika alipotumwa kumpelekea fundi. Lakini jina alilipenda, na hakuna aliyewahi kumwomba cheti.

Asubuhi hiyo pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa maharage ilisimama mbele yao, pua ikitazama bondeni. Dereva, Gidioni, alizima injini kuokoa dizeli, akaomba maji ya kumnywesha mkewe, Priscila, aliyelala nyuma juu ya godoro. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika tangu jana yake. Gidioni aliporudi kuwasha, taa zote ziliwaka, za ndani na za mbele. Injini ikasema neno moja tu: tik.

— Jamani, nisukumeni, alisema Gidioni. Mteremko si huu hapa?

Wiston akainuka taratibu, kikombe mkononi.

— Ngoja kwanza, bwana mdogo. Hiyo ni stata imeng'ang'ania. Ukisukuma, gia boksi inapasuka. Hospitali hufiki, nyumbani hurudi.

Hakuwa na hakika. Alikumbuka fundi mmoja akisema kitu cha namna hiyo, kuhusu gari jingine. Lakini benchi zima lilikuwa linamtazama, na neno likishatoka limetoka.

— Mimi nasema betri, alidakia Privatus, aliyeitwa Katibu kwa kuwa zamani aliandika mihtasari ya kijiji. Gali likigoma ni betri.

— Na taa je, Katibu? Dalili ya mvua ni mawingu. Taa zinawaka, betri nzima!

— Basi wameling'oa kitu kambini. Wakimbizi hawa wanachomoa nyaya za gali wakafungie kuni.

— Sijapita kambini, mzee, alisema Gidioni. Nimetoka Murukulazo moja kwa moja.

Bulugu, Msukuma mfanyabiashara wa ng'ombe waliyembatiza jina la Mnada, alikohoa.

— Gari hili nalijua. Mwaka jana lilibeba maiti wa vita ya ng'ambo walioopolewa mtoni. Chuma nacho kina moyo. Limechoka hilo.

Hakuna aliyecheka.

— Mgonjwa haulizwi uji, Bulugu akaendelea. Tuliache lipumue.

— Naam, haraka haraka haina baraka, alisema Wiston, akafungua boneti. Akavuta waya huu, akagonga chuma kile, akapuliza, akafuta mikono kama alivyowaona mafundi wakifanya.

Nyuma, Priscila aliguna kwa sauti nzito. Scolastica akaacha jiko, akapanda kumshika mgongo.

— Nyie wanaume, mtoto huyu hangoji mabishano yenu!

— Injinia, tusukume tu, Gidioni alisihi.

— Nimeshakwambia, gia boksi!

Zaidi ya saa nzima ikapita hivyo. Kisha akaja Nahimana, mama wa kambini, na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama, akasikiliza mguno ule, akawatazama wanaume mmoja mmoja.

— Mbona hamusukumi?

— Mama, haya ni mambo ya ufundi, alisema Privatus.

Nahimana alitua kuni zake, akaegemeza bega kwenye pikapu. Bulugu akainuka. Privatus akafuata. Wiston akaja wa mwisho. Hatua kumi tu. Gidioni akaachia klachi, injini ikakohoa, ikashika, pikapu ikateremka huku Scolastica akiwa bado amemkumbatia mgonjwa.

Nahimana alijitwisha kuni zake akaenda. Wiston alikunywa kahawa yake iliyopoa.

Siku ya tatu Gidioni alirudi kwa miguu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Scolastica alimmiminia kahawa bila kuulizwa. Yeye alikwisha kujua, hakuwa amewaambia.

— Priscila anaendelea vizuri, alisema Gidioni. Mtoto alizaliwa amechoka. Hakulia. Tumemzika jana.

— Pole sana, mwanangu. Ni mipango ya Mungu, alisema Bulugu.

— Ndiyo. Nimekuja kushukuru kwa kunisukuma.

Kisha akamgeukia Wiston. Usoni hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Wiston. Angetukanwa, angejua la kufanya.

— Injinia, nauliza tu, nipate kulala. Lile neno la gia boksi, ulikuwa unalijua, au ulikuwa unasema tu?

Wiston aliweka kikombe chini. Privatus akatazama barabara. Bulugu akainama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa tayari. Gidioni alikuwa bado amesimama, anangoja.