Fundi Musila, Aliyerudia Mtihani Akiwa na Miaka Arobaini na Sita

Mchungaji, wazee, majirani na marafiki, mimi ni Nzula, mtoto wa pili wa marehemu, na mama ameniomba niwasomee maisha ya baba.

Musila Kimanzi alizaliwa tarehe 3 Aprili 1954 huko Kangundo, kifungua mimba wa mzee Kimanzi na mama Nzembi, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1970, kisha akajifunza kazi ya umeme katika chuo cha ufundi cha kijiji. Kuanzia 1976 alifanya kazi ya umeme katika kiwanda cha magadi huko Magadi, na alipenda kutuhadithia jinsi yeye na wenzake walivyopanda ngazi za kiwanda alfajiri, kabla chuma hakijapata joto la kuchoma mikono.

Tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na mama yetu, Mutindi, wakajaliwa watoto watatu, Munguti, mimi na Kasyoki, na mwaka wa 1993 tukahamia hapa Kitengela, wakati pundamilia walikuwa bado wanalala karibu na uzio wetu, naye akaanza kujitegemea kama fundi wa umeme.

Mwaka wa 1999 Bi. Dinah Katoo, mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana huko Kajiado, alimwita kwa sababu jenereta yao iliweza kuwasha madarasa manne tu, na wasichana wa kidato cha kwanza na cha pili walikuwa wakikosa masomo ya jioni. Baba alihesabu balbu, akamwambia kwamba jenereta haina shida, ni balbu zinazokula umeme mwingi, na kwamba zile mpya za kuokoa umeme zingewasha madarasa yote manane.

Lakini kamati ya shule ilipoitisha leseni yake ya ufundi wa umeme, ilionekana kwamba muda wake ulikwisha miaka minne nyuma, kwa uzembe wake mwenyewe, na sasa alitakiwa kurudia mtihani. Rafiki yake, fundi Sankale, ambaye leseni yake ilikuwa hai, alimwambia, "Musila, wewe fanya kazi, mimi nitaweka sahihi," naye baba akajibu, "Asante ndugu yangu, lakini nikikosea waya pale, watakuja kukuuliza wewe, na watoto ni wa watu." Bi. Katoo alikubali kumngojea.

Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi, tukikaa jikoni baada ya chakula, mimi nikimsomea sheria za umeme kwa Kiingereza, yeye akinieleza kwa Kiswahili maana yake, mama akicheka kwamba haijulikani nani ni mwalimu. Alianguka mtihani wa Machi 2000, akakaa siku tatu bila kumwambia mama, kisha akarudi tena Novemba, akiwa na miaka arobaini na sita katikati ya vijana, akapita. Januari 2001 madarasa yote manane yaliwaka, na Bi. Katoo anasema baba alisimama mlangoni mwa kidato cha kwanza hadi kengele ikalia.

Nyumbani alibadilisha balbu zote pia, mama akalalamika juu ya mwanga wake mweupe, "Baba Munguti, umenigeuzia nyumba kuwa hospitali," ndipo akamtafutia balbu ya mwanga wa manjano kwa taa ya mezani.

Mwaka wa 2006 aliugua figo. Desemba iliyopita, akiwa kitandani, alinituma nikaongeze muda wa leseni, nami nikamwambia, "Baba, mwaka huu pumzika tu," akasema, "Nzula, nipelekee. Sitaki kupona halafu nianze kutafuta sahihi ya mtu." Nilimpelekea. Alituacha Jumanne, tarehe 9 Septemba 2008, saa nne asubuhi, leseni yake ikiwa bado hai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotupikia wiki hii nzima, mafundi wenzake wakiongozwa na mzee Sankale, na Bi. Katoo aliyekuja na wasichana wake.

Baba, umemaliza kazi yako vizuri, na kwa jina lako mwenyewe. Pumzika kwa amani.